Ahadi ya Siku Njema



Mwezi huu nataka tulitafakari swali ambalo limenisumbua tangu niliponunua gari linalotumia umeme. Je, mtu akiahidi jambo linalowezekana siku njema tu, amesema kweli au amesema uongo?

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Dada yangu mkubwa anakaa Wundanyi, katika milima ya Taita, na macho yake yamefifia. Alipangiwa kumwona daktari wa macho hapa Nairobi siku ya Jumatatu. Gari lilipofika, kabla hata sijalizoea, nilimpigia simu: "Dada, Jumamosi nitakuja, Jumapili tutarudi pamoja, na Jumatatu utakuwa kwa daktari." Nilikuwa nimesikia kwamba gari hilo likijazwa umeme huenda kilomita 400, na kutoka hapa hadi Wundanyi ni kama kilomita 370. Nilipiga hesabu kichwani nikaona inatosha. Nakiri pia kwamba nilitaka majirani wa nyumbani walione gari.

Baadaye niliketi mezani na penseli. Gari ni Nissan Leaf lililokwisha kutumika Japani, lenye betri ya yuniti 40. Aina hiyo ilipotoka mwaka 2017, kipimo cha Japani kilisema kilomita 400, lakini kipimo cha Marekani kwa betri iyo hiyo kilisema 243. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja alipima kwa namna yake. Nayo betri, kama mwalimu mstaafu, hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita.

Tena kuna mwinuko. Nairobi iko juu kuliko Voi kwa zaidi ya mita 1,000. Gari likiteremka hurudisha umeme kidogo katika betri. Lakini wakati wa kurudi, kuliinua gari pamoja na watu na mizigo hadi kimo hicho hula kama yuniti 5, mbali na umeme wa mwendo wenyewe. Basi kwenda ni rahisi kuliko kurudi, na safari ya kurudi ndiyo niliyomwahidi dada. Soketi ya kawaida ya nyumbani huingiza yuniti 2 au 3 kwa saa. Kwa hiyo betri ikiisha, kuijaza ni kazi ya usiku kucha na zaidi. Ilinipasa kulala Makindu na kusimama tena Voi. Siku moja imekuwa mbili, kwenda na kurudi vilevile.

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu nilisahihisha maandalio mengi ya somo. Mwanachuo aliyepanga somo kwa kasi ya mtoto hodari wa darasa alimaliza kabla ya kengele, lakini nusu ya watoto walikuwa wameachwa nyuma. Nilimwandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Na yule wa mwisho?" Kumbe neno hilo nililowaandikia wengine miaka yote, mwenyewe sikulisoma.

Mtu aweza kunijibu kwamba, tukiahidi kwa kipimo cha siku ngumu tu, tutaahidi machache, na watu watatuona wachoyo. Atasema upendo hauna budi kuthubutu. Neno hilo lina uzito, wala silipuuzi. Lakini naona kuthubutu ni halali pale ambapo hasara ni yangu mwenyewe. Kama gari lingezimika usiku kati ya Mtito Andei na Voi, pale barabara inapopita katika mbuga ya Tsavo, mimi ningepata aibu tu. Dada ndiye angemkosa daktari.

Nilimpigia simu tena. Haikuwa rahisi, maana nilikwisha kujisifu. Nikamwambia: "Dada, nilisema haraka. Nitaondoka Jumatano na kufika Alhamisi jioni. Ijumaa tutaanza kurudi, Jumamosi tuwe Nairobi, na Jumapili ibaki akiba. Umeme ukikatika huko, utapanda treni Voi, nami nitakufuata." Nilidhani atanicheka. Alisema, "Afadhali uniambie leo, Mwalimu, kuliko nikungoje mlangoni na mzigo wangu."

Wahenga walisema ahadi ni deni. Basi yatupasa tutenganishe maneno mawili ambayo tumezoea kuyachanganya: "natumaini" na "naahidi". Kutumaini ni ruhusa kwa kipimo cha siku njema. Kuahidi kwahitaji kipimo cha siku ya mvua. Tazama harambee zetu. Mtu husimama mbele ya watu na kutaja fedha za mahindi yaliyo bado shambani. Mvua ikikosa, mweka hazina hubaki na karatasi, naye fundi amekwisha kupanda juu ya paa. Mtu huyo hakukusudia kudanganya. Lakini fundi anadai.

Nalijibu swali langu hivi: ahadi ya siku njema si uongo siku inapotolewa, ikiwa mtu hajui. Inakuwa uongo tangu saa ile anapokwisha kuijua hesabu, akanyamaza kwa kuona haya. Mimi nilijua jioni moja, nikapiga simu asubuhi. Usiku ule mmoja sikulala vizuri.