Aibu Iliyonyamaziwa

Mwaka 1955 Mercedes-Benz walitengeneza gari mbili tu za 300 SLR zenye paa. Moja waliiuza mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2022, kwa euro milioni 135. Aliyeinunua hakununua chuma tu. Alinunua na habari zake, kwani muda wote ule ilikaa mikononi mwa walioiunda.

Basi tuseme mtu anauza gari ya kale ya namna hiyo, inang'aa kama mpya, lakini injini yake ya asili ilikwisha badilishwa. Mnunuzi haulizi. Je, mwenye gari anyamaze? Wako wasemao: “Sikusema uwongo, na macho anayo.” Hoja hii haisimami. Bei imepanda kwa dhana ambayo muuzaji anajua si kweli, na kunyamaza kwake ndiko kunakoujaza mfuko wake.

Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta umajimaji. Mwenye nafaka alisema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuuficha chini. Ndipo maulamaa wakampa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, na Mashafii wakamwajibisha kila aijuaye aibu hiyo aiseme, hata asiyekuwa muuzaji.

Ndugu msomaji, wengi wetu hatutauza gari ya mamilioni. Lakini cherehani, mbuzi na bangili ya dhahabu tunauza. Aitajaye aibu ya kitu chake hupunguza bei. Lakini apatacho, kiwe kidogo, atakula na wanawe kwa halali.