Shahada ni Ushahidi: Mwenye Alama za Wastani na Mlango wa Chuo Kikuu

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, suali hili huzuka katika majumba yetu na barazani: kijana aliyepata alama za wastani, si za juu wala si za kuanguka, je, ni haki akalie kiti cha chuo kikuu cha serikali, ambacho sehemu ya gharama yake hutoka katika mali ya umma? Wako wasemao kwamba kumpokea ni kuwadhulumu waliojitahidi. Na wako wasemao kwamba alama si kitu. Mwenye mali au mwenye jamaa mkubwa na atafute njia. Sisi twaona kauli zote mbili zina kasoro.

Natuanze na neno lenyewe. Karatasi ya kufuzu twaiita shahada, na shahada katika asili yake ni ushahidi. Qur'ani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, imetuamrisha tusimamie uadilifu katika kushuhudia, ijapokuwa ushahidi huo utatudhuru sisi wenyewe au wazazi wetu. Basi cheti ni shahidi, na shahidi ana haki mbili juu yetu: tusimseméshe uongo, wala tusimsingizie asilolisema.

Ama ya kwanza, twatazame yaliyotokea nchini mwetu. Katika mtihani wa mwaka 2015 waliopata alama ya A walikuwa 2,685. Mwaka 2016, Waziri Fred Matiang'i alipokaza usimamizi, waliopata A walikuwa 141. Je, akili za watoto wa Kenya zilipotea kwa mwaka mmoja? Hasha! Akili ni zile zile. Kilichobadilika ni ushahidi. Mzazi aliyekuwa akinunua karatasi ya mtihani kabla ya siku yake hakuwa akimsaidia mwanawe, bali alikuwa akimkodia shahidi wa uongo. Na ushahidi wa uongo, kama tujuavyo sote, umehesabiwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika madhambi makubwa kabisa. Na mwenye kughushi cheti hukumu yake ni hiyo hiyo, hata akiwa ni mtoto wetu, hata akiwa yuwasali safu ya mbele.

Ama ya pili, nayo ndiyo isahauliwayo, ni kumsingizia shahidi asilolisema. Cheti husema neno moja tu: kwamba kijana huyu, siku fulani, katika chumba fulani, alijibu kadha na kukosa kadha. Hakisemi alisoma kwa taa gani, wala alirudishwa nyumbani mara ngapi kwa karo, wala hakisemi kesho atakuwa nani.

Chukua mfano wa Kajiado. Katika kaunti hiyo moja upo Kitengela, mji ulio kando ya barabara ya Namanga, karibu na Nairobi, ambao katika sensa ya 2019 ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Huko skuli ziko karibu karibu, na mwenye uwezo humtafutia mwanawe mwalimu wa jioni. Ukienda ndani, wako watoto wa wafugaji ambao karo yao ni ng'ombe. Na katika ukame wa 2021 na 2022 ng'ombe hao walikufa kwa wingi. Ng'ombe akifa, karo imekufa, na mtoto hurudi boma. Sasa vijana wawili, wa mjini na wa bomani, wakija na C+ mkononi, herufi ni moja, lakini je, safari ni moja? Na lisemwalo juu ya Kajiado laweza kusemwa juu ya Kwale, na Tana, na visiwa vya Lamu.

Yasimuliwa kwamba Seyyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, katika mwaka wa njaa kuu hakuwakata mikono walioiba kwa dhiki. Sharia hakuifuta, bali aliitazama hali ya mtu kabla ya kumhukumu. Huu ndio uadilifu: kipimo kimoja, na jicho lenye kuona.

Huenda mtu akauliza: je, mtaridhika kutibiwa na tabibu aliyeingia chuoni kwa huruma? Twajibu kwamba mlango wa kuingilia si mlango wa kutokea. Wa kuingilia wafaa kuwa mpana kwa mwenye nia na juhudi. Wa kutokea usilegezwe hata kidogo, kwa tajiri wala kwa maskini. Madhara huja tunapofanya kinyume chake. Tangu mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua masomo ya kujilipia, na vyuo vingine vikakifuata, ilikuwa kijana mwenye C+ na mali huingia, na mwenye alama zaidi yake, asiye na mali, hubaki nyumbani kwa kuwa vitanda vya serikali vimejaa. Huko hakukuwa kumhurumia mnyonge, bali kuuza mlango. Waliofanya mtihani wa 2016, wote waliofikia C+ walitoshewa na nafasi, na hilo lilikuwa karibu zaidi na insafu.

Na tusende mbali kutafuta ushahidi wa hayo. Marehemu Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoka na daraja ya tatu katika mtihani wa Cambridge, na Makerere haikumpokea. Alifanya kazi katika taasisi ya Waislamu hapo Mombasa, MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Baadaye akapata msaada wa kwenda kusoma Uingereza. Akafuzu Manchester mwaka 1960, kisha Columbia, kisha Oxford. Makerere ile ile iliyomkataa alipokuwa mwanafunzi ikamfanya profesa. Na mwisho akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ambacho ni chuo cha serikali. Lakini zingatieni: daraja ya tatu hakuificha wala hakuibadilisha. Aliikubali kuwa ni ushahidi wa kweli juu ya jana yake, akakataa kuwa ni hukumu juu ya kesho yake.

Basi kijana uliyepata chini ya C+, usione haya, wala usikimbilie kwa dalali wa vyeti. Mwenye C- aweza kusoma diploma, na mwenye D aweza kuanza na cheti cha ufundi. Na mwenye kufuzu vyema diploma aweza kuomba digrii kwa masharti ya chuo. Njia ni ndefu, lakini ni halali. Nawe uliyepata C+ ukaitwa, jua ya kuwa kiti hicho ni amana: ukikilalia, umewadhulumu wawili, aliyekilipia na aliyekikosa.

Na nyinyi wazazi, acheni kumlaani mtoto kwa herufi moja. Pia tusidanganyike kwamba chuo chenye jina letu kitasamehe uvivu wetu. Chuo Kikuu cha Umma, kilichotokana na Kulliya ya Sharia ya Thika, kipo Kajiado, na ni fakhari kwetu. Fakhari hiyo itadumu maadamu shahada yake ni ushahidi wa kweli.

Siku ya Kiyama hatutaulizwa tulipata herufi gani. Tutaulizwa ilimu tuliyoipata tuliifanyia nini, na ushahidi tulioutoa ulikuwa wa kweli au wa uongo. Wabillahi tawfik.