Hori Katika Nyumba

Someni kwanza Luka 2:7, kisha sikilizeni.

Mwaka jana nalikwenda kwa miguu katika njia ya hija iendayo Santiago de Compostela, nchi ya Hispania. Sikwenda kutafuta wokovu. Martin Luther alitufundisha zamani ya kuwa hija haimnunulii mtu neema. Nalikwenda kutazama.

Njia ikipanda milima ya Galicia hufika kijiji cha O Cebreiro, kama mita 1,300 juu ya bahari, penye upepo mkali. Hapo nalistaajabu, maana naliona msonge! Kuta zake ni za mawe, fupi, zenye kuzunguka. Paa ni la mabua, wala hakuna dohani, moshi hujipenyeza wenyewe. Wenyeji huiita palloza. Watu walikaa upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, wakapata joto wakati wa theluji, hata katika karne ya 20. Leo imetunzwa, na wageni huingia kwa heshima.

Mbele zaidi naliona ghala za mahindi juu ya nguzo, na juu ya kila nguzo jiwe pana, panya asipande. Juu ya paa pana msalaba. Nalipendezwa: hawakuuachia msalaba kazi ya lile jiwe.

Lakini moyo wangu ulibaki katika ule msonge. Bibi yangu, huku Kilimanjaro, alilala katika nyumba kama ile, ya majani hata chini, ng'ombe wake akicheua karibu na kitanda. Nami nilipokuwa mchungaji kijana nalimwambia mzee mmoja, mbele ya watu, ya kuwa Mkristo halali na wanyama. Akaibomoa nyumba yake kwa aibu. Na kila Krismasi nalihubiri habari za zizi la baridi, nje, mbali na watu.

Kumbe Luka hataji zizi, ataja hori tu. Na neno lake la Kigiriki, katalyma, laweza kuwa chumba cha wageni. Katika nchi ile wanyama wa watu wa kawaida waliingizwa nyumbani usiku. Basi huenda Mtoto alilazwa katikati ya jamaa, penye joto.

Naliporudi nalimwendea mzee yule, nikaomba msamaha. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniongoza katikati ya migomba, akagusa mawe kwa fimbo yake, akasema, "Mchungaji, meko yalikuwa hapa. Na hori lilikuwa pale unaposimama."