Mtu na Mbadala Wake

Usiku wa tarehe 29 Julai 2015, katika uwanja wa Citi Field jijini New York, Wilmer Flores alilia mchezo ukiendelea. Alikuwa na miaka 23. Klabu ya besiboli ya Mets ilimchukua Venezuela akiwa kijana wa miaka 16, ikamlea katika timu zake za chini mpaka akafika juu, na hakuwa amewahi kuchezea klabu nyingine. Jioni ile, Mets wakiwa uwanjani na San Diego Padres, habari zilienea kwamba amebadilishwa: yeye na mrushaji Zack Wheeler waende Milwaukee, Carlos Gómez aje New York. Mashabiki walizisoma kwenye simu zao. Mchezaji aliye kazini hana simu. Alipokwenda kupiga walisimama wakamshangilia kwa kumuaga, na ni kutoka kwao alikojua kwamba anaagwa. Akarudi kwenye nafasi yake, akafuta macho kwa mkono wa jezi, akaendelea kulinda uwanja wa klabu ambayo, kwa alivyoelewa, ilikwisha kumtoa.

Mpango ule ulivunjika usiku huohuo. Tarehe 31 Julai, mchezo dhidi ya Washington Nationals ukiwa umeingia awamu ya 12, Flores aliupiga mpira ukavuka uzio na Mets wakashinda. Akimalizia mbio zake kuelekea kituo cha nyumbani, alilishika jina la Mets lililoandikwa kifuani mwake akalivuta mbele.

Kisa hiki hakinitoki akilini, na si kwa sababu ya mwisho wake mzuri. Kinachonishughulisha ni wale waliosimama. Shabiki wa besiboli hupitisha mwezi mzima wa Julai, msimu wa mabadilishano, akipima: tukimtoa fulani tupewe fulani, nani kapunjwa? Ni mjadala halali, tena wa watu wenye ujuzi. Wanajua umri wa kila mmoja, miaka iliyobaki katika mkataba, goti lililopasuliwa lini. Lakini usiku ule kitu walichokuwa wakikipima kilikuwa na uso, na uso ulikuwa umelowa machozi. Nao, bila kuambiana, wakaacha kupima.

Msomaji aliyezoea usajili wa kandanda anahitaji kuelezwa jambo moja. Mchezaji wa mpira wa miguu hahamishwi kama hajakubaliana na klabu inayomtaka. Katika besiboli ya Marekani, kwa kawaida, klabu mbili hupatana zenyewe, kisha mchezaji huambiwa. Mkataba wake unahama na yeye anahama nao, mke na watoto wakifuata wakipata nafasi. Tunasema kizuri chajiuza. Huyu hajiuzi; anauzwa.

Msimu wa kupigia kura ukifika, watu walewale huingia katika mjadala wa pili: nani apewe tuzo ya Mchezaji Mwenye Thamani Zaidi? Ukiisikiliza mijadala hii miwili kwa makini utaona inavutana. Wa kwanza unauliza, kwa huyu tunaweza kupata nini? Wa pili unauliza, nani asingepatikana mwingine wa kukaa mahali pake? Mmoja unamchukulia mtu kuwa ana badala yake, mwingine unatafuta mtu asiye na badala. Lugha yetu inalionyesha jambo hili waziwazi, maana kubadilishana, badala na mbadala ni maneno ya mzizi mmoja. Ukikubali kumbadilisha mtu, umekwisha kukiri kwamba mbadala wake yupo.

Wataalamu wa takwimu wamejaribu kuiunganisha mijadala hii kwa namba moja. Kipimo chao, kinachofahamika kwa herufi WAR, humlinganisha kila mchezaji na mbadala wa kufikirika: mtu wa kawaida ambaye klabu yoyote ingeweza kumwita kutoka ligi za chini siku yoyote, kwa mshahara wa kima cha chini. Mipigo, mbio, ulinzi, yote hugeuzwa kuwa idadi ya ushindi ulioongezeka juu ya ule ambao huyo mbadala angeuleta. Ninakiheshimu kipimo hiki. Kimewapa haki yao wachezaji ambao kazi yao haikuonekana, walinzi hodari na wakimbiaji wenye akili. Lakini tukitazame kinavyofikiri. Thamani yako inaanzia pale ambapo mtu wa bei rahisi kuliko wote anaishia. Yote ambayo yeye naye angeyafanya hayahesabiwi kuwa yako.

Mwaka 2012 ubishi huu ulifika kilele. Miguel Cabrera wa Detroit Tigers aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga wa .330, kwa mipigo 44 ya kuvuka uzio, na kwa kuwaingiza wenzake mara 139. Kuongoza katika mambo hayo matatu kwa msimu mmoja hakukuwa kumefanyika tangu Carl Yastrzemski mwaka 1967. Upande wa pili alikuwa Mike Trout wa Los Angeles Angels, kijana aliyetimiza miaka 21 katikati ya msimu, mwenye wastani wa .326, mipigo 30 ya kuvuka uzio, vituo 49 alivyoviiba, na ulinzi ambao Cabrera hakuukaribia. Kwa WAR, Trout alipita 10 na Cabrera alikuwa kwenye 7 na kidogo. Wapigakura walikuwa 28. Cabrera alipata nafasi ya kwanza kwa kura 22.

Mimi ningempa Trout, na hoja iliyonisukuma huko ni ile waliyoitegemea zaidi wapinzani wake. Walisema Cabrera aliipeleka timu yake kwenye mtoano na Trout hakuipeleka yake. Basi tuhesabu: Detroit walishinda michezo 88, Angels 89. Angels walibaki nje kwa kuwa walipangwa katika kundi gumu zaidi. Mtu akisema thamani ya mchezaji inapanda au kushuka kwa jinsi kundi lake lilivyopangwa, ameacha kumzungumzia mchezaji.

Hata hivyo siwezi kusema wale 22 hawakujua walichofanya. Walikuwa wakijibu swali lingine. Waliona tendo ambalo watu walilingoja kwa miaka 45, wakaona tendo kama hilo linastahili kuadhimishwa. Kosa lao, kama ni kosa, ni kuliadhimisha kwa neno thamani. Na hawakulichagua neno hilo wao. Chama cha waandishi wa besiboli kinachosimamia tuzo hii tangu 1931 huwaeleza wapigakura wake kwamba maana ya “mwenye thamani zaidi” haijafungwa, na kila mmoja aamue. Ndiyo maana mwaka 1947 Ted Williams wa Boston aliongoza katika mambo yaleyale matatu na bado akashindwa na Joe DiMaggio kwa pointi 202 dhidi ya 201.

Maelekezo hayo yana mambo machache ya kuzingatia, yaliyodumu tangu mwanzo. La kwanza ni thamani halisi ya mchezaji kwa timu yake. Mbele zaidi zimetajwa tabia, hulka, uaminifu na juhudi. Hapo kwenye uaminifu ndipo ninapokwama kila mara. Mwaka 1931 mchezaji alifungwa na klabu yake kwa kifungu cha mkataba kilichoipa haki ya kumbakiza mwaka baada ya mwaka, au kumuuza ikitaka. Boston Red Sox walikuwa wamemuuza Babe Ruth kwa Yankees mwishoni mwa 1919 kwa dola 100,000. Hivyo mchezaji aliombwa uaminifu na upande ambao haukuahidi kumrudishia. Uaminifu wa mtu asiyeweza kuondoka unapimwaje? Na uaminifu kwa anayeweza kukuondoa asubuhi yoyote, una jina gani? Sina hakika kwamba wanaojadili tuzo hulitazama neno hilo. Nadhani wangelitazama, wangejadili jambo zito zaidi kuliko wastani wa kupiga.

Kuna pia suala la wakati, ambalo washabiki hulitumia vibaya bila kukusudia. Tarehe 15 Juni 1964 Chicago Cubs walimpeleka Lou Brock St. Louis, na katika mabadilishano hayo wakampata mrushaji Ernie Broglio. Mwaka uliotangulia Broglio alikuwa ameshinda michezo 18. Brock alikuwa kijana mwenye mbio ambaye ahadi yake haikuwa imetimia. Wengi Chicago waliona wamepata. Brock akawa bingwa wa World Series mwaka huohuo, akaiba vituo 938 katika maisha yake ya uchezaji, akaingia katika Ukumbi wa Umaarufu mwaka 1985. Mkono wa Broglio ulikuwa mbovu, na kwa Cubs alishinda michezo saba tu. Tangu hapo jina lake limekuwa nusu ya sentensi. Halitajwi bila la Brock, na hutajwa kila mtu anapotaka mfano wa biashara mbaya. Lakini uamuzi hupimwa kwa kilichoweza kujulikana siku ulipofanywa. Tukimpima Broglio wa 1963 kwa mkono wa 1965, hatujadili tena. Tunasoma majibu nyuma ya kitabu na kujisifu kwamba tumefaulu.

Yote haya yamo ndani ya mchezo. Aliyeyatoa nje ya mchezo ni Curt Flood.

Oktoba 1969, St. Louis Cardinals walimbadilisha kwenda Philadelphia baada ya misimu 12 ya kuwatumikia. Alikuwa mmoja wa walinzi bora wa eneo la kati, analipwa dola 90,000 kwa mwaka, na Philadelphia walikuwa tayari kumwongezea. Alikataa. Tarehe 24 Desemba alimwandikia kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, akimweleza kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kuulizwa anataka nini. Watu wengi walishindwa kumwelewa: mshahara ule, mchezo uleule, analalamikia nini? Swali hilo linadhani bei ikiwa kubwa heshima imetimia. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alitofautisha kitu chenye bei, ambacho kingine cha kiasi hichohicho chaweza kukaa mahali pake, na kile kilichopita bei zote, ambacho badala yake haipo. Hicho cha pili alikiita hadhi. Flood hakulalamikia bei. Alisema kuna kitu hakijaingizwa katika hesabu.

Alikaa nje msimu mzima wa 1970. Shauri lake lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 19 Juni 1972 akashindwa, majaji watano kwa watatu. Hukumu iliandikwa na Jaji Harry Blackmun, na jinsi alivyoianza inaumiza kuisoma. Kabla ya kugusa sheria alisimulia historia ya besiboli kwa mahaba, akapanga majina ya wachezaji wa zamani, jina baada ya jina, zaidi ya 80. Alikuwa akifanya kile ambacho kila shabiki hufanya katika mjadala wa tuzo: kuwataja wakubwa. Na alipomaliza kuwataja, akaafiki kwamba mchezaji aendelee kubadilishwa bila kuulizwa. Mapenzi yake yalikuwa ya kweli. Aliwapenda wachezaji, kila mmoja kwa jina lake, na upendo huo haukufika mahali pa kumuuliza hata mmoja wao anataka nini.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema mijadala ya mashabiki ni porojo. Huko ndiko watu wa kawaida, wasiokaa mahakamani wala katika vyumba vya klabu, wanakojizoeza kuamua mtu ana thamani gani na kwa kipimo kipi. Wanatoa hoja, wanapingwa, wanarekebisha. Ninachowaomba ni kuongeza swali moja katika yale wanayoyauliza kila Julai. Baada ya umri, mkataba, goti na WAR, waulize pia: mwenyewe amesemaje? Jibu lake halitaingia katika namba yoyote, wala halitamaliza ubishi wa nani kapunjwa. Lakini ni sehemu ya thamani yake kama vile mbio zake zilivyo.

Flood alirudi uwanjani mwaka 1971 na Washington Senators, akacheza michezo 13, akaondoka kabisa. Mwaka 1973 vilabu na chama cha wachezaji walikubaliana kanuni mpya: aliyecheza miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho katika klabu moja, asibadilishwe bila idhini yake. Wa kwanza kuitumia alikuwa Ron Santo wa Chicago Cubs, Desemba ya mwaka huohuo. Kama kanuni hiyo ingekuwapo Oktoba 1969, Flood angekuwa na sifa zote mbili, na neno lake moja, hapana, lingetosha.