Kidonda cha mtoto asiye na dhambi
Malengelenge yakitokea kwenye ngozi ya mtoto wa miaka miwili, Rangwi kama kwingineko Usambara, swali la nani kakosa huweza kuwahi kuliko swali la ni ugonjwa gani. Kwangu, kuanza hivyo ni kosa hata kwa kipimo cha dini yenyewe. Mambo ya Walawi, sura ya 13, inamwagiza kuhani aitazame ngozi, amtenge mgonjwa siku 7, kisha atazame tena. Kuhusu dhambi hamuulizi kitu. Ayubu, anayeheshimiwa msikitini na kanisani, aliteseka bila kosa. Atakayenitajia Miriamu, aliyepigwa ukoma kwa kumsema Musa, namjibu kwamba yule alikuwa mtu mzima, na ulimi ulikuwa wake.

Pingamizi zito zaidi ni la mganga anayeuliza habari za nyumba nzima kabla ya kugusa kidonda. Ana haki, ila nusu: upele unaowasha usiku, katikati ya vidole, hauishi mpaka watibiwe wote wanaolala pamoja. Lakini gaga la rangi ya asali chini ya pua ni kazi ya bakteria, na lengelenge la kuungua na uji halina siri ya ukoo: linataka maji baridi yanayotiririka, kisha zahanati.