Ni Nani Atakayetoa Hesabu ya Mtoto?



Kila mwaka, mwezi wa Septemba ukikaribia, swali moja hurudi katika nyumba nyingi: mtoto wetu ametimiza miaka sita, tumpeleke shule gani? Wengine husema: «Shule ya Leta haina malipo, nayo yatosha.» Wengine hujibu: «Cha bure hakina thamani, afadhali shule ya kulipia.» Na wengine hunong'ona: «Mkristu akimpeleka mtoto katika shule isiyo ya mapadri, je, hatendi dhambi?» Leo tulipime neno hili polepole, kwa akili na kwa imani, maana ni neno la dhamiri.

Tuanze kwa mfano. Tuseme yuko baba mmoja mkatekumeni, mkulima wa mihogo, mwenye watoto wawili: msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka sita. Karibu na nyumba yake ipo shule ya msingi ya Serikali. Haitozi malipo, lakini watoto ni wengi, hata wengine huketi chini. Ng'ambo ya barabara ipo shule ya mtu binafsi. Sare zake zang'aa, watoto husalimu kwa Kifaransa, na minervali hulipwa kila mwezi. Baba ataka kumpeleka mvulana huko. Fedha zitatoka wapi? Atamwondoa msichana darasani, akauze mihogo sokoni. Naye moyoni asema: «Natoa sadaka kwa ajili ya mtoto wangu.» Je, hiyo ni sadaka ya kweli?

Ili tujibu, yatupasa kwanza kuuliza: mtoto ni wa nani? Mtoto ni wa Mungu, aliyemwumba kwa mfano wake. Mungu amemweka mikononi mwa baba na mama, kama mtu awekavyo amana kwa rafiki anayemwamini. Serikali ina haki ya kweli juu ya elimu, maana yatunza mafaa ya watu wote. Haifai raia wakue bila kujua kusoma wala kuhesabu. Kanisa nalo lina haki, maana lilitumwa na Kristu kuwafundisha mataifa. Lakini Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakubwa wa watoto wao. Serikali na shule ni wasaidizi. Msaidizi hubeba mzigo pamoja nawe. Hauchukui ukawa wake.

Pili, tuzijue shule zetu vema, maana wengi huzichanganya. Hudhani kwamba shule ya misioni ni shule ya kulipia, na ya Serikali ni shule isiyomjua Mungu. Mambo sivyo yalivyo, na historia yetu yaonyesha sababu.

Tarehe 26 Mei 1906 Kanisa lilipatana na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili: misioni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Kwa miaka mingi karibu shule zote za watoto Wakongo zilikuwa za misioni. Kuanzia mwaka 1954 waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Auguste Buisseret, alifungua shule za Serikali zisizo za dini kwa ajili ya Wakongo, na ugomvi mkubwa ukazuka. Mwaka 1974 utawala wa Rais Mobutu ulizitwaa shule za makanisa, na mafundisho ya dini yakaondolewa darasani. Haukupita muda mrefu. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilifanya mapatano na makanisa. Shule zikabaki za umma, walimu wakabaki wa Serikali, lakini uongozi ukarudishwa kwa makanisa. Ndizo shule ambazo watu huziita za konvansione. Basi shule nyingi za Kikatoliki vijijini mwetu ni shule za umma. Shule ya mtu binafsi ni kitu kingine.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, yasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Tena yasema kwamba wazazi wana haki ya kuchagua aina ya malezi ya watoto wao. Tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kuitimiza ahadi hiyo ya kutolipisha. Watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani wakaingia darasani. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini madarasa yakafurika, na walimu wengi wakaendelea kungojea mshahara. Hayo nayo tusiyafiche.

Tazameni sasa, wapenzi. Shule zilitoka mkono huu zikaenda mkono ule, kisha zikarudi. Wakati dini ilipoondolewa darasani, ni nani aliyebaki kuwafundisha watoto Baba Yetu? Ni mama mekoni, ni baba jioni kabla ya kulala, ni katekista chini ya mwembe. Shule ilibadili bwana mara nyingi. Wajibu wa wazazi haukubadili bwana hata siku moja.

Hapo twaweza kumjibu yule anayeogopa dhambi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwakataza watoto Wakatoliki kwenda katika shule zisizo za Kikatoliki, isipokuwa pale Askofu alipoona yafaa kuvumilia. Sheria ya sasa, iliyotolewa mwaka 1983, haisemi tena hivyo. Katika kanuni ya 798 yawaagiza wazazi wawapeleke watoto katika shule zenye malezi ya Kikatoliki. Lakini wasipoweza, wanalo sharti la kuwatafutia malezi hayo nje ya shule. Basi maskini ambaye karibu naye hakuna shule ila ya Serikali, hatendi dhambi akimpeleka mtoto huko. Atakosa akimpeleka huko na kumwacha bila sala na bila mafundisho. Na tajiri ampelekaye mtoto katika shule ya masista, kisha asisali naye nyumbani kamwe, huyo naye atakosa, hata akilipa minervali kabla ya siku yake.

Basi tuchague namna gani? Tusitazame bati wala sare. Tumtazame mwalimu. Je, huja kila siku, au hufika siku azipendazo? Mtoto aliyekaa huko miaka miwili, je, aweza kusoma maneno machache kwa Kiswahili na kuyaelewa, au hukariri Kifaransa kama kasuku? Je, mwalimu huwapiga watoto ovyo? Je, wasichana wako salama mikononi mwake? Je, mzazi akienda kuuliza, hupokewa? Shule ikijibu vema maswali hayo, ni shule njema, iwe ya Serikali, iwe ya konvansione, iwe ya mtu binafsi. Ikishindwa, malipo makubwa hayataiponya.

Turudi kwa yule baba na mihogo yake. Wengine watamtetea: «Fedha ni chache, afadhali kumwokoa mmoja kuliko kuwapoteza wawili.» Neno hili lina uzito, wala tusimcheke aliyebanwa na umaskini. Lakini hapa hakuna anayelazimika kupotea, maana mlango wa shule ya umma u wazi kwa wote wawili. Sadaka ni kutoa kilicho chako. Baba huyu hatoi chake. Atoa cha binti yake. Mvulana atajifunza Kifaransa, na pamoja nacho atajifunza kwamba dada yake aliumbwa ili amtumikie. Somo hilo la pili litakaa moyoni mwake kuliko la kwanza. Heri wote wawili waende shule ya karibu, na fedha ile ndogo inunue madaftari na mafuta ya taa. Heri baba mwenyewe aingie katika komite ya wazazi, aulize habari za madawati na za mwalimu asiyefika. Mwenye mali ya haki, asiyemdhulumu mtoto mwingine, aweza kuchagua shule ya kulipia bila hofu.

Mwaikumbuka Injili ya Bwana Yesu alipokuwa na miaka kumi na miwili. Maria na Yosefu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba mtoto yumo katika msafara, pamoja na jamaa na jirani. Walipoona hayumo, hawakusema: «Bila shaka yuko mtu anayemtunza.» Walirudi Yerusalemu wenyewe, wakamtafuta hata wakamwona hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Kisha akashuka nao Nazareti, akawatii. Mwana wa Mungu alikubali kuketi kati ya walimu, na tena alikubali kurudi nyumbani.

Nasi pia twaweza kwenda siku nzima, pengine miaka mizima, tukidhani: mtoto yuko shuleni, yatosha. Ndugu wapenzi, jioni hii mwanenu akirudi, mwulizeni amejifunza nini leo. Fungueni daftari lake, hata kama ninyi wenyewe hamjui kusoma. Naye ataona kwamba mnalitazama. Kisha mfanye pamoja ishara ya msalaba. Siku ya hukumu mwalimu atatoa hesabu ya kazi yake, na Serikali ya fedha zake. Hesabu ya mtoto itaulizwa kwenu.