Nyumba Hugeuka, Je, Nia?



Ukishuka melini Unguja ukashika njia ya Mizingani, utaikuta nyumba ya ghorofa yenye roshani za mbao za nakshi na vioo vya rangi, maarufu kwa jina la Dispensari ya Zamani. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliianza mwaka 1887 iwe hospitali, kwa ukumbusho wa miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza. Akafariki mwaka 1891 kabla haijakwisha. Kisha ikaja mikononi mwa mfanyabiashara mwengine. Chini pakatolewa dawa, juu wakakaa wapangaji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilichakaa hata ikakaribia kuanguka, mpaka miaka ya 1990 Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulipoitengeneza, ikawa kituo cha utamaduni.

Basi hapa pana suali: nyumba iliyokusudiwa wagonjwa ikigeuka kuwa kitu chengine, ile kheri yake huwa imekwenda wapi?

Wako wasemao kuwa ilijengwa kwa ajili ya malkia, si kwa ajili ya maskini. Hilo tumwachie Mwenye kuyajua yaliyomo vifuani. Lililo letu ni hili: roshani zilipooza walipatikana mafundi, lakini nia ya marehemu haina fundi ila walio hai.

Wanavyuoni wamesema kuwa sharti ya mwenye kuweka wakfu ni kama matini ya Sheria. Sisemi kuwa nyumba ile ilikuwa wakfu, ila ina mazingatio kwetu. Ni nyumba ngapi hapa pwani zilizowekwa wakfu kwa msikiti au kwa mayatima, na leo anakaa jamaa wa msimamizi kwa kodi ya zama za babu yake? Ni vyumba vingapi vya chuo vilivyogeuzwa maduka, na kodi haijulikani iendako?

Pengine dharura hulazimisha mageuzi, na hayo wataulizwa wenye ilimu. Lakini duka ambalo kodi yake inamfikia yatima si sawa na duka linalomlisha msimamizi.

Basi wewe uliyeshika ufunguo wa nyumba kama hiyo, jiulize leo kabla hujaulizwa kesho: aliyekusudiwa ni nani, naye anapata nini? Ikiwa hapati kitu, chokaa mpya haitakufaa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.